Dada, Usije Kujifungulia Kwangu

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Naamini baridi ya Kinole haijawaonea sana, na kifua cha mama kimetulia. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haupo. Kwenye simu nilishindwa kusema, ndiyo maana nimeandika na kumpa dereva wa basi.

Wiki mbili zilizopita alikuja zahanati kwetu kujifungua Rehema, muuza vitumbua wa huku mbele ya Kisaki, uzazi wa tatu. Mtoto alitoka salama asubuhi, wa kike. Kondo la nyuma likatoka, damu haikukatika. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo, nikatundika dripu. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo, mto umejaa, halivuki.

Akaniambia, "Nesi, nasikia baridi. Nifunike."

Nikamfunika kanga yake. Kufika adhuhuri alikuwa ameshakwenda.

Mumewe alinipa mkono. "Ahsante, nesi. Umehangaika." Afadhali angenitukana.

Kitanda cha pili kulikuwa na mwingine anasukuma. Nilibadili glavu nikaenda kumwambia anaendelea vizuri. Jioni Mama Neema, nesi mwenzangu wa siku nyingi, akasema, "Utazoea. Mimi siku hizi siwaangalii usoni."

Dada, nami nimeanza hivyo hivyo. Siulizi tena mzazi ameacha watoto wangapi nyumbani. Wote nawaita mama, basi. Nikirudi naosha mikono mpaka ngozi inawasha, halafu nakaa tu, chakula hakishuki. Niliomba nihamishiwe chumba cha chanjo. Mganga wetu akaniuliza, "Ukienda huko, huku abaki nani?" Hakukosea. Wakunga tuko wawili.

Ulisema siku zako zikikaribia utakuja kwangu, kwamba mikono ya ndugu haidhuru. Usije. Mikono hii ndiyo iliyokuwa juu ya tumbo la Rehema. Teremka Morogoro mapema, ukae kwa shangazi pale Msamvu, uende hospitali kubwa yenye damu na chumba cha upasuaji. Usidhani nakukimbia. Ukilala kwenye kile kitanda, nitashindwa kukuangalia, nawe utaona kwamba nimeshindwa.

Nisalimie shemeji. Mama mwambie nakula vizuri. Mjomba aliyeuza shamba la ndizi nikasomee ukunga, mpe shikamoo yangu. Akikuuliza kama kazi naipenda, mwambie naipenda.

Mdogo wako,
Asha