Daftari la Watu wa Kirushya

Kirushya, Novemba 1978

Shangazi Restituta, shikamoo.

Ngara nzima hakuna kichwa kama changu, na shule niliiacha darasa la tano! Katibu wa kijiji alinipa mimi daftari niandike vilima, mito na watu wote. Bibi alinifukuza kwa mwiko: "Watoto hawahesabiwi, mjinga wewe!" Nikacheka, nikaandika. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Vita imekuja, Shangazi. Vijana wa miaka kumi na minane na kuendelea wameitwa kwa kufuata daftari lile, na mwanao Pancras amepanda lori pamoja nao. Usimlaumu katibu. Tulipungukiwa na mwanaume mmoja tu ili tulingane na kijiji cha Mabawe, nikamwandika Pancras miaka kumi na tisa. Alifurahi, akatembea kifua mbele. Najua ana kumi na tano.

Mtoto wa kaka yako,
Gozbert