Matundu ya Herufi za Nebo

Tallow Bend, Mississippi
8 Juni 1987

Corliss,

Nani alikutuma uyazibe matundu yangu? Salamu utazikuta chini huko. Kwanza nijibu hilo.

Karatasi ya babu yako ya herufi za bango mliyotuazima kutoka hiyo hifadhi yenu ya nyaraka ilifika salama, imeviringishwa ndani ya bomba kama kitu cha mfalme. Jumamosi tukaibandika kwenye ukuta wa kanisa la Nebo. Mchungaji Gaines yupo, Shemasi Purvis yuko juu ya ngazi na brashi yake, akina mama wa kwaya wamekuja na viti vyao kabisa. Nikachukua soksi ya marehemu babu yako, nimeijaza vumbi la makaa, nikaipigapiga ile karatasi herufi kwa herufi kama nilivyofanya miaka arobaini. Vumbi hupita kwenye matundu, huacha alama ukutani, mwenye brashi hufuata. Ndiyo kazi yenyewe, hakuna nyingine.

Tukabandua. Ukuta mweupe kama yai. Vumbi lote lilikuwa kwenye gauni langu.

Purvis akashuka, akasema labda Mungu hataki bango mwaka huu. Nikamwambia ashike ngazi yake, ya Mungu amwachie mwenyewe.

Ndipo tukaigeuza. Kumbe nyuma umebandika karatasi laini kama ngozi ya kitunguu, mwanzo hadi mwisho. Na kile kijikaratasi chenu cha maelezo Purvis akakisoma kwa sauti, watu wote wanasikia: “Imetobolewa na wadudu. Imetibiwa.”

Corliss, mdudu huyo ni mimi. Babu yako alichora, mimi nikadunga, tundu kwa tundu, kwenye meza ile ile ambapo ulikuwa ukila pai yangu ya viazi vitamu. Shuleni nilikaa miaka mitatu tu. Herufi nimezijua kwa sindano.

Jumapili ya tatu ya Agosti watoto wote wa Nebo wanarudi nyumbani, na kanisa linatimiza miaka mia. Mchungaji anasema karatasi isipokuwa tayari Agosti mosi, ananunua herufi za plastiki za kubandika, kama za duka la matairi.

Haya, hujambo? Goti langu linauma, mengine mazima. Mwambie mama yako bado nina simu.

Bibi yako,
Odessa Tillery

*

Washington
15 Juni 1987

Bibi mpenzi,

Pokea salamu zangu pamoja na aibu yangu. Mimi na Mama hatujambo. Amesema atakupigia Jumapili ukishatoka kanisani. Goti umelipaka nini? Usiniambie mafuta ya taa.

Kosa ni langu peke yangu. Nilipochukua kisanduku baada ya mazishi, nilikuta zile karatasi zimejaa matundu, yote yamefuata mistari ya herufi. Nikafikiri wadudu wameupenda wino. Nilizitibu wiki tatu kwa kibrashi kidogo, na mkuu wangu, Bwana Whitcomb, aliwaita wenzangu waje waone kazi safi. Nilijivuna, Bibi.

Nimekifungua kisanduku tena leo. Kimeandikwa “Karatasi za Lucius Tillery, mchoraji mabango.” Ndani mna matangazo ya samaki wa kukaanga, mapepeo ya kanisani, kadi zake za kazi. Jina lako halimo hata mara moja. Mbona hukuniambia?

Ukiirudisha naweza kuibandua ile karatasi laini kwa unyevu, pole pole, lakini haitamalizika kabla ya Krismasi. Je, plastiki kwa mwaka huu mmoja ingekuwa vibaya sana?

Mjukuu wako,
Corliss

*

Tallow Bend
22 Juni 1987

Corliss,

Sijambo, na plastiki usinitajie tena. Maji pia usiyasogeze kwenye karatasi ya watu.

Unauliza mbona sikukuambia. Uliuliza lini? Ulikuja umevaa glavu nyeupe, ukabeba kisanduku kama mtoto mchanga, hata kahawa hukumaliza.

Sasa sikiliza. Nimeishika ile karatasi kwenye kioo cha dirisha la jikoni, jua la asubuhi limeipiga kwa nyuma. Matundu yote yapo, yamejificha tu. Mtu akiweka karatasi mpya juu yake atayaona, atayatia nukta kwa penseli, halafu ile mpya ndiyo idungwe. Ya kwenu haitaguswa. Ila jicho langu la kushoto limekwisha, na la kulia nukta mbili linaniambia nne.

Sikuiti. Una kazi yako huko. Nasema tu nimetandika kitanda cha chumba cha nyuma, na Purvis huenda stendi ya basi kila Ijumaa kwa shughuli zake.

Bibi yako,
Odessa

*

Washington
10 Agosti 1987

Bibi mpenzi,

Nimefika salama, na unga wa mahindi ulionifungia umefika nao. Unalalaje? Purvis amemaliza ile N yenye mkia au bado anaiogopa?

Kidole gumba kimevimba kwa kuidunga ile karatasi mpya. Kila nikikitazama nakusikia pale mezani: “Dunga, usichome. Karatasi haijakukosea.” Siku ya tatu ndiyo niliacha kuhesabu matundu nikaanza kuiona herufi.

Samahani sitakuwepo Jumapili. Likizo yangu nimeimaliza jikoni kwako, wala sijutii.

Bwana Whitcomb aliuliza kidole kina nini, nikamweleza yote. Halafu akasema hatibu tena karatasi hata moja ya kisanduku kile, ila jina juu yake hawezi kulibadilisha kwa maneno matupu ya mjukuu. Anataka ushahidi wa karatasi. Kwetu hapa, Bibi, bila karatasi mtu hakuwepo.

Mjukuu wako,
Corliss

*

Tallow Bend
18 Agosti 1987

Corliss, mjukuu wangu,

Leo salamu zinatangulia. Hujambo? Kidole kimepona? Mimi goti limenisahau tangu Jumapili.

Walikuja kutoka Chicago, Detroit, hata Oakland. Kila gari likifika, watu wanasimama kwanza ukutani kabla hawajaiangalia meza ya kuku. Dada yake Purvis, mwenye miaka tisini, aligusa mkia wa N akasema, “Lucius huyu.” Nikamwacha aseme. Akanitazama, akasema, “Na Odessa.” Pai yangu iliisha kabla mchungaji hajamaliza kuomba.

Sasa huyo bwana wako anataka karatasi. Karatasi ya pili humu kwenye bahasha ni yake. Usiifungue na glavu, na ukiona matundu usimwite mtu wa wadudu. Nimeidunga jana kwenye ile meza, kwa jicho langu lililobaki, na leo jina langu siliandiki kwa kalamu.

Mwite aje asimame karibu. Iweke juu ya kisanduku, chini ya jina la babu yako, ipige kwa hiyo soksi niliyokufungia, halafu ibandue. Kitakachobaki pale, mwambie akisome kwa sauti, nawe ukipitishie wino.