Pitisha Chumvi

Huntsville, Alabama
9 Februari 2015

Mdogo wangu Twyla,

Hujambo huko Virginia, na kifua chako je? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike Baba. Bado naandaa sahani mbili, kisha moja nairudisha kabatini.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu na barua pepe za kampuni siziamini tena. Hapa kiwandani wanasema tunajipanga upya. Watu wenye beji za wageni wanasimama nyuma ya meza yetu, wanatutazama tunavyolehemu nyaya za makombora, hawasalimii. Bosi naye amekuwa mwema ghafla. Ijumaa alileta donati. Odell, ninayeketi naye, akanisukumia boksi: "Kula, mama, hicho ndicho kiinua mgongo chako." Tulicheka, lakini hakuna aliyemaliza yake.

Anayejitoa mwenyewe kabla ya Machi kwisha anaachiwa bima ya afya mwaka mzima. Anayengoja kufukuzwa haachiwi kitu, na unaujua moyo wangu na dawa zake. Wewe uko ofisi ya utumishi makao makuu. Majina ya wanaoondoka yanapita kwenu. Niambie tu: nimo?

Usinijibu kama Baba. Mama alipomuuliza ametengeneza nini hapa kiwandani, alisema, "Pitisha chumvi," hata kama mezani kuna keki. Nasi tukaelewa: anajua, ila haruhusiwi kusema.

Dada yako,
Verna

Arlington, Virginia
2 Machi 2015

Dada Verna,

Kifua kimetulia, asante. Theluji imetufungia ndani. Maua ya kaburi la Baba yawe ya njano, mekundu hakuyapenda.

Kwa hilo uliloniuliza, unajua nilitia sahihi kiapo cha siri. Pitisha chumvi, dada. Na utunze moyo wako.

Mdogo wako,
Twyla

Huntsville
20 Aprili 2015

Mdogo wangu,

Natumai theluji imeyeyuka. Mimi moyo unapiga, tushukuru.

Nilikuelewa kwamba nimo, nikajitoa. Walinikatia keki, wakaichukua beji yangu vidole vikiwa bado na sukari.

Jana nilikutana na Odell dukani. "Verna, nani alikutisha?" akasema. "Meza yetu haikuguswa! Kiti chako wamempa binti kutoka Tucson, analehemu kama anayepaka siagi mkate."

Tangu hapo nakuwazia vibaya, na sipendi. Je, walitaka watu wajitoe wenyewe, ukaona umtoe wa kwako kwanza? Maana uliniambia nitunze moyo, nami nikasikia bima. Nijibu kama mdogo wangu, usinijibu kama ofisi.

Verna

Arlington
27 Aprili 2015

Dada,

Sijui kama bado unataka salamu zangu, lakini nakusalimu.

Jina lako sikuliuza. Sikuliona hata mara moja. Tangu Januari wamenitoa kwenye vikao vya majina kwa kuwa nina ndugu kiwandani. Wenzangu wanaingia, mlango unafungwa, mimi nabaki nje nachapa ruhusa za likizo. Niliona aibu kukuambia kwamba sijui. Chumvi ilikuja yenyewe, nikajiona mkubwa kama Baba. Na moyo nilimaanisha moyo tu, dada.

Ijumaa walitangaza kwamba ofisi yetu inahamia Texas. Mimi simo kwenye watakaohama. Kwetu hawakuleta hata donati.

Mdogo wako,
Twyla

Huntsville
18 Mei 2015

Twyla mdogo wangu,

Salamu nazitaka. Kifua je, kwa mawazo hayo yote?

Barua yako nimekaa nayo. Siku nyingine naiamini, siku nyingine naisoma upya nikitafuta uongo ulipojificha. Kampuni imetuzoesha hivyo. Ungeandika "sijui" tu, ningebaki kwenye kiti changu.

Nilipomkuta Odell tena dukani nilimuuliza, kwa kuwa alianza kazi chini ya Baba, kama Baba alikuwa na siri nyingi. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mzee wako? Wiki nzima tulikuwa tunangoja vipuri, tunacheza karata!" Nami nikacheka, kisha nikalia kidogo pale pale dukani.

Binti wa Tucson, kumbe, ana watoto wawili. Simchukii.

Chumba cha Baba kiko wazi. Kodi ikikushinda, njoo. Bima yangu inaishia mwakani. Ukitangulia kupata kazi, popote pale, ukasikia wanahitaji mikono ya kulehemu, nikumbuke.

Dada yako,
Verna