Jicho la Mlizamwali

Pukamarka, 20 Juni

Mjukuu wangu Nilda,

Salamu nyingi. U mzima huko Kusko? Mimi mzima, ila magoti yananigombeza, nayo yameanza kushinda. Tangu tumzike bibi yako nyumba iko kimya. Hakuna wa kuniambia nanuka.

Nimetandaza viazi kilimani vipigwe na sakitu usiku vigande, mchana navikanyaga vitoke maji, viwe chunyo, viazi vikavu vya kula mwaka mzima. Kazi ya wawili naicheza peke yangu kama mlevi, mpaka mbwa kanionea haya. Shuleni mnafundishwa nini, au ni kuchana nywele tu?

Babu yako, Hermojene

Kusko, 4 Julai

Shikamoo babu,

Mimi sijambo, kikohozi kidogo tu. Magoti yapake mafuta, usiyatukane.

Tunasoma mimea. Mwalimu Obdulia anasema kiazi si mzizi. Ni shina lililovimba chini ya udongo, limejiwekea chakula. Yale macho ni matumba, na kila jicho linaweza kuota mmea sawasawa na mama yake. Ila kiazi kikiganda, macho hufa.

Kile kiazi cha bibi, Mlizamwali, nilichokichukua juu ya gunia la mlangoni siku ya maziko bado ninacho. Wiki ijayo kila mmoja analeta kiazi darasani. Watoto wa mjini wataona kiazi chenye vinundu.

Mjukuu wako, Nilda

Pukamarka, 19 Julai

Nilda mjukuu wangu,

Umeamkaje? Mimi nimeamka, basi. Nilicheka kusikia kwamba miaka yote nimekula mashina. Nikamsomea mbwa. Kisha nikafika pale pa macho kufa, kicheko kikakatika.

Gunia la mlangoni lilikuwa mbegu. Unajua kwetu mwanamume hagusi mbegu. Bibi yako alichagua, mimi nilibeba alichoniambia. Safari hii hakukuwa na wa kuniambia. Nimekanyaga Mlizamwali wake wote. Chunyo nzuri sana, haina jicho hata moja.

Majirani wanapanda vya sokoni, vinavyomenyeka. Mlizamwali ndicho kiazi alichopewa bibi yako amenye siku alipoletwa kwetu, mwali. Mama yangu akamwambia, "Binti, umekata nyama yote, umebakiza nini?" Naye huku analia: "Nimembakizia mwanao, mama. Yeye hachagui."

Chako usikile. Usikipeleke darasani. Nijibu upesi.

Babu yako

Kusko, 30 Agosti

Shikamoo babu,

Magoti je? Nisamehe kimya changu. Barua ilinikuta nimeshakipeleka. Mwalimu alikikata, akakidondoshea iodini kutuonyesha wanga, kikawa cheusi kama masizi. Sikujua nikuandikie nini.

Nikamwendea nikilia. Akasema, "Mbona hukuniambia, mwanangu? Twende kwenye mboji." Tukafukua lundo nyuma ya jiko la shule. Tukapata ncha moja isiyoguswa na dawa, ndogo kama kidole gumba, na jicho lake limeanza kuchipua. Nimeipanda kwenye kopo. Chipukizi lake ni la zambarau kama sketi ya bibi. Kopo nampa kondakta wa basi la Jumamosi akuletee. Mwalimu anasema huenda ikaoza njiani.

Mjukuu wako

Pukamarka, 11 Desemba

Mjukuu wangu,

Kikohozi kimekuacha? Kopo lilifika. Nililipandikiza kwenye tuta la bibi yako, karibu na jiwe alilokuwa akikalia kunitukana. Mmea ukastawi, nikaanza kujisifu.

Majuzi sakitu ikaja nje ya msimu. Nilikimbilia kuufunika kwa shuka lake, lakini haya magoti! Majani yalikuwa yameshakuwa meusi. Nikakaa kwenye jiwe lake.

Baadaye nikakumbuka lile shina lako la chini ya udongo. Nikachimba kwa kidole, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Kule chini palikuwa peupe, pagumu, pazima. Nikafukia. Leo kuna ncha ya zambarau juu ya udongo.

Huenda tukapata viazi vitatu, huenda kimoja kama korodani ya panya. Sitafukua. Mwanamume hagusi mbegu, nilijaribu, umeona. Mei njoo wewe, ufukue, uchague, kisha uniambie nibebe gunia lipi.

Babu yako, Hermojene