Sauti Niliyoijibu Bila Kuisikiliza

Nsemulwa, Mpanda
Jumanne

Kwako Kaka Gaudensi,

Habari za Mamba, na nyie wote hapo nyumbani? Kifua cha Mama kimepungua? Na mpunga, mmeshaanza kuvuna au bado mnafukuza ndege? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia, na usianze kufikiria mimba, nakujua.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu imefungiwa kwenye droo ya ofisi ya chuo. Nimekupigia mara tatu kwa simu ya mwenye nyumba wangu, hupatikani, najua uko bondeni. Basi barua hii nampa kondakta wa basi la Mamba, maana Ijumaa saa nne asubuhi naitwa kwenye kikao cha nidhamu na wanataka mlezi awepo. Mlezi ni wewe. Wanaweza kunisimamisha mwaka mzima, au unesi wangu ukaishia hapo hapo.

Ni hivi. Darasa letu lina grupu la wasapu. Madamu, mwalimu anayetusimamia wodini, hutuma humo ratiba, masomo na maelekezo. Wapo ambao limewafaa kweli. Siwema alipojifungua alisomea humo miezi miwili, mtoto mapajani, akanishinda mtihani mimi niliyekaa dawati la mbele. Lakini wengi wetu tunalichukulia kama mlango wa mkubwa: unapita, unaamkia, unaendelea na safari yako. Madamu akituma kitu tu, tunapanga mstari: "Tumepokea, Madamu. Ubarikiwe." Anayechelewa kujibu anaonekana ana dharau. Anayejibu bila kufungua haonekani. Na mimi kwa kuwa ni kiongozi wa darasa, wa kwanza kujibu ni mimi siku zote, na nilikuwa naringa.

Jumatano iliyopita alituma sauti ya dakika nne. Madamu huyu akianza kuongea anasalimia kwanza, anaenda kwenye usafi wa sare, ndipo afike kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa napiga pasi. Nikajibu, nikaendelea na pasi. Kumbe mwishoni alisema dawa ya sindano ya watoto imekuja kwenye chupa mpya, zenye nguvu mara mbili ya zile tulizozoea, kwa hiyo tuvute nusu.

Alhamisi asubuhi nikawa zamu wodi ya watoto. Kitanda cha dirishani alikuwepo mtoto wa miezi saba, homa kali, yeye na mama yake wametoka upande wa Katumba. Nilivuta dawa kwa kipimo cha zamani. Lebo nayo sikuisoma, Kaka, sikufichi. Sindano iko mkononi, paja la mtoto nimeshalishika, nesi wa zamu akanidaka mkono.

"Wewe! Umevuta ngapi?"

Nikamwambia.

"Si mliambiwa jana nyie?"

Nikaiweka sindano kwenye trei. Madamu akaitwa, akafungua simu yake mbele yangu. Jibu la kwanza kabisa lilikuwa langu. Kisha akabonyeza ile sauti, simu ikamwonyesha walioisikiliza: wawili tu, darasa zima. Hakunigombeza. Alisema, "Leokadia, mimi nilijua mmenielewa," akanyoosha mkono nimpe simu yangu.

Jana wenzangu walikuja chumbani kwangu. Lukas, msaidizi wangu darasani, ndiye alikuwa msemaji.

"Sema mtandao ulisumbua. Maandishi yalifika, sauti ikagoma kufunguka. Sisi wote tutasema hivyo hivyo. Mpanda hii nani atabisha?"

Kweli, hakuna wa kubisha. Akaongeza kwamba nikisema vingine nitawaangusha wote, darasa zima litarudia mafunzo ya wodini, na hawatanisamehe. Naogopa, Kaka. Chakula hakipiti tangu Alhamisi, na jana hiyo nilikaribia kukubali.

Leo asubuhi nikapita wodini kuchukua koti langu. Yule mtoto ameruhusiwa. Mama yake hajui kitu. Aliona nashikwa mkono akadhani nafundishwa kazi. Akanipokea kwa mikono miwili, "Asante nesi, umenitunzia mwanangu." Nilishindwa kumwangalia usoni. Nimelia njia nzima hadi Nsemulwa, na watu wa bodaboda wananiuliza nimefiwa na nani.

Kwa hiyo Ijumaa nitasema hivi: sauti ilifika, sikuisikiliza, nikaandika tumepokea. Na kwamba wengi tunafanya hivyo, ila majina sitataja. Nakuomba usije na maneno ya mtandao, wala usimtafute mtu wa kuniombea. Wewe kwa kunipenda ungeweza hata kuapa. Panda basi la Alhamisi, uvae lile shati lako la kanisani, ukae karibu yangu.

Mama mwambie wewe mwenyewe, yote, kabla hajayasikia kwa watu. Nisalimie wifi yangu na wanao, na shangazi mwenye mashine ya kukoboa, mwambie khanga yake bado ninayo. Katekista naye msalimie, lakini huyo usimwambie kitu, atalitangaza.

Kikao kikiamua nirudi nyumbani, tutapanda basi moja. Najua utakuwa na hasira na una haki nayo. Nigombeze tukifika, Kaka. Njiani niache nikuegemee tu.

Mdogo wako,
Leokadia