Jina Nililoliita Msibani

Tata,

Napiga goti kukuamkia kutoka huku, ingawa goti lenyewe liko kwenye zulia la nyumba ya kupanga na hakuna anayeniona. Waitu, umeamkaje? Magoti yako yanasemaje msimu huu wa mvua? Mdogo wangu Adela ameniambia kwamba mnyauko umeingia upande wa chini wa kibanja, na kwamba unang'oa migomba iliyougua kwa mikono yako mwenyewe. Tata, acha ubishi. Tafuta mtu wa kibarua. Ukiteguka kiuno, Adela yuko Bilele na shule yake, mimi niko huku mwisho wa dunia, nani atakuinua? Na senene vipi, zimeshaanguka? Usinitumie, zinakamatwa uwanja wa ndege.

Naandika kwa mkono. Nitapiga picha kurasa hizi nimtumie Adela, azichapishe pale stesheneri, akuletee Izigo Jumamosi akija. Simu imenishinda. Ukiipokea unauliza nimekula nini, nikijibu unasema husikii, tunaishia kupayuka wote wawili na mimi nakata nikiwa na hasira. Hili la leo haliwezi kusemwa kwa kupayuka.

Kwanza nirudie, maana Adela anasema bado unawatangazia watu kanisani kwamba binti yako ni daktari Australia. Mimi si daktari. Sindano sishiki. Hapa kijijini wanaishi wenyeji wa asili wa nchi hii, waliokuwepo kabla ya Wazungu kufika, na ugonjwa wa figo umewaingia vibaya sana. Kazi yangu ni kukaa na mgonjwa na ndugu zake, kuwasikiliza, kuwasaidia waamue, kisha kumsindikiza mgonjwa akitakiwa kwenda mjini. Siku nyingine kazi yote ni kuchemsha chai na kunyamaza. Ukitaka cheo cha kutangaza, sema ni mshauri.

Mji wenye mashine za kusafisha damu uko mbali, kama utoke Bukoba uende mpaka Dodoma, na katikati hakuna kitu ila mchanga mwekundu na majani makavu. Huko mtu anakwenda kwa kindege kidogo. Akishaanza mashine hawezi kuiacha, kwa hiyo anahamia huko moja kwa moja. Nimewaona wamekaa kwenye baraza za hosteli, wameelekeza viti upande barabara ya kwao inapotokea. Wengine wanakataa kwenda, wanabaki kufa nyumbani. Hatumlazimishi mtu. Nilipofika niliona ajabu kwamba mtu anaweza kukataa dawa. Sasa sioni ajabu tena.

Nilipofika pia sikuwa na mtu. Aliyenipokea ni mama mmoja mtu mzima ambaye jina lake sitaliandika hapa, na utaelewa kwa nini. Alinikuta nje ya zahanati nimekaa juu ya sanduku langu, akanipa nusu ya mkate aliouoka kwenye majivu, akaniambia nifunge mdomo nisije nikala nzi. Huo ndio ukawa urafiki wetu. Alikuwa na mdogo wake, Doroti, mwenye mdomo mkali kuliko wa shangazi wa Kishanda. Doroti aliniuliza kwa nini mtu mweusi kama mimi nimetoka Afrika kuja kuwasumbua, Wazungu waliopo hawatoshi? Nikacheka mpaka machozi. Nilipowaeleza habari za senene, Doroti alikunja uso akasema hawezi kula panzi, na wakati huo ana funza mnene wa mti mkononi anamtafuna.

Figo za wale ndugu wawili ziliharibika kwa kufuatana. Mkubwa alikataa mashine. Alisema amezaliwa hapa na atazikwa hapa. Nilikaa naye miezi yote ile, na siku za mwisho alimwita Doroti mbele yangu akamwambia, "Wewe nenda. Una wajukuu. Usinifuate mimi." Doroti alibisha, wakagombana kama watoto, halafu akakubali kwa sharti kwamba mimi niende naye mjini, nilale naye chumba kimoja mpaka azoee. Nilikubali kabla hata ya kumuuliza mkuu wangu wa kazi. Tukapanga ndege, naye akafunga blanketi lake na sufuria yake, kana kwamba mjini hakuna sufuria. Nilifurahi, Tata. Katika kazi hii furaha hazizidi kiganja, na ile ilikuwa moja.

Kisha yule mkubwa akafariki.

Hapa ndipo pananiuma. Wiki yangu ya kwanza kazini nilifundishwa: kwa watu hawa, mtu akishakufa jina lake halitajwi. Picha zake zinafunikwa. Hata aliye hai mwenye jina kama hilo anapewa jina jingine la kuitwa kwa muda. Ukimtaja unamvuta, anashindwa kwenda anakotakiwa kwenda. Nililijua hilo vizuri. Nimehudhuria misiba yao, nimekaa chini, nimenyamaza, na wazee walinisifu kwamba nina adabu.

Lakini hiyo ilikuwa misiba ya watu wengine. Huyu nilimpenda. Unakumbuka mama alipotutoka, shangazi alivyoanza kulia tangu barabarani, akimwita mama kwa jina, akimuuliza kahawa ataianika nani? Unamkumbuka na yule jirani aliyeingia kimya, akakaa, akala, akaondoka, na mpaka leo watu wanasema alikuwa na lake jambo? Mimi nimekulia hapo. Kwetu usipomwita marehemu kwa jina ni kama hukumjua.

Nilitoka zahanati kwa miguu. Wanawake walikuwa wamekaa mchangani chini ya kivuli cha matawi, wanalia kwa sauti ya chini isiyo na neno. Nikaona blanketi lake limekunjwa pembeni. Tata, mdomo wangu haukuniuliza. Ulikimbilia Izigo. Nilimlilia kwa Kihaya, kwa nguvu zangu zote, nikimwita jina lake, nikimuuliza amenikabidhi kwa nani, nani atanigombeza sasa, nikamwita tena na tena. Katika maneno yote yale hawakuelewa hata moja isipokuwa jina.

Kilio chao kilikatika. Wanawake wakanigeuzia migongo, mmoja baada ya mwingine. Mama yao mdogo, bibi kizee wanayemwita Anti Moli, alinishika kiwiko akanitoa nje ya kambi ya msiba. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Nenda nyumbani." Nikaenda.

Mkuu wangu wa kazi, Mzungu mwema, alisema kila mtu hukosea, niandike barua ya kuomba radhi. Barua, kwa watu wanaokujua kwa namna unavyokaa. Nilimwendea Anti Moli nikiwa nimeinamisha kichwa, nikamuuliza kwao mtu akikosea hivi anafanyaje. Akaniambia niende nikakae karibu na tangi la maji, mahali Doroti anaponiona, niwe nimegeuka upande, nisimsemeshe mtu mpaka nisemeshwe. Basi nikawa nakwenda kila asubuhi, nakaa mchangani. Watoto walipita wakinichungulia, mbwa walikuja kulala kivulini pangu, na jua la huku halina utani. Nilitamani mtu aje anitukane tu tumalize.

Siku moja Doroti alikuja mwenyewe, anatembea polepole kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Akakaa.

"Sina hasira na wewe," akasema. "Ulimpenda. Ulimwita kwa nguvu na amesikia."

Nikamwambia nisamehe, mama.

"Nimekusamehe. Lakini hajaondoka. Anakaa mlangoni kwangu. Wamefukiza nyumba kwa moshi wa majani, akatoka, amerudi. Anangoja. Ameitwa, sasa anangoja kuambiwa ameitiwa nini."

Nilijua kinachokuja. Nikamkumbusha mambo aliyoambiwa na dada yake kwa mdomo wake: nenda, usinifuate.

"Alisema hivyo alipokuwa anaondoka," Doroti akanijibu. "Sasa hajaondoka. Nikienda mjini nani atakaa naye? Nyumba tupu, yeye peke yake mlangoni?"

Nilitumia kila nilichosomea. Niliuliza, nilisikiliza, nilinyamaza pale pa kunyamaza. Nilimwomba Anti Moli, naye akawaita wazee, wakafukiza mara ya pili, wakaimba mchana kutwa. Anti Moli alisema marehemu ataondoka tu, ila kwa wakati wake, labda mvua zikija. Daktari naye alisema damu ya Doroti haiwezi kungoja mvua. Nilimweleza Doroti hilo wazi, kama ninavyotakiwa, bila kuficha kitu. Akasema anaelewa. Akafungua mzigo wake mbele yangu, akarudisha sufuria jikoni.

Ndege ilikuja siku yake. Rubani aliuliza kama tunamngoja mtu. Nikasema hapana. Kiti kiliondoka kitupu na nikasimama pale uwanjani mpaka vumbi likatua.

Wenzangu wananiambia unaoua ni ugonjwa. Padre anayekuja hapa mara chache aliniambia si dhambi, hakuna aliyetenda kwa ubaya. Najua wanasema kweli, na haunisaidii ukweli wao. Kama ningeingia kimya kama yule jirani yetu, leo Doroti angekuwa mjini ananung'unikia chakula cha hosteli. Nimeyageuza haya kichwani kila upande na kila upande yananichoma. Naumia, Tata. Sikukuandikia ili unitoe lawama. Nimekuandikia kwa sababu wewe ni baba yangu na sina mwingine wa kumwambia kwa lugha yangu.

Kwa hiyo likizo ya Desemba siji. Usikasirike. Naenda kwa Doroti kila siku, hata siku zisizo za kazi. Analala sana sasa, na chakula anasema kina ladha ya chuma. Ninamkanda miguu. Akiwa na nguvu ananisema, kwamba mikono yangu ni mizito, kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Mara nyingine anatazama mlangoni, anasema maneno machache kwa lugha yao, na si kwangu anayasema. Nami natazama chini.

Juzi aliniuliza, kwenu kwa nini mnawaita? Nikamweleza habari za mama, kwamba amelala pale kibanjani kwenye migomba yake, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni, na kwamba tulimwita ili asiende akidhani hakupendwa. Akasema ni jambo zuri. Kisha akanishika mkono, na mkono wake una baridi siku hizi, akasema, "Lakini mimi usiniite. Ikifika siku yangu, funga mdomo, uniache niende. Anayeningoja tutaondoka pamoja."

Nimemwahidi. Sijui kama nitaweza. Mdomo wangu nimeshauona ulivyo.

Msalimie shangazi wa Kishanda, umwambie namkumbuka na ulimi wake. Msalimie kaka Deusi na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie yule mama Mlutheri jirani yetu anayekusaidia kuanika kahawa, Mungu ambariki. Katekista naye mpe salamu, umwombe anikumbuke katika sala, na huyu mgonjwa wangu pia. Adela simsalimii, atakuwa ameshasoma kila kitu kabla yako.

Kuna jambo moja nakuomba. Kazi yetu ni ya siri, na nisingeandika habari hizi kama Doroti mwenyewe hakuniruhusu. Alikubali, tena akaweka sharti, maana bila sharti si Doroti. Kwao, akishafariki siku chache zijazo, hakuna atakayelitaja jina lake, hata watoto wake, hata mimi. Anataka lisemwe sasa, mahali pengine, na watu wengi, angali hai, aweze kulifurahia. Ndiyo maana nimeliandika humu mara nyingi hivi. Najua utavaa miwani, utawakalisha wote chini baada ya chakula, utawasomea. Usiliruke. Siku Adela atakapokuambia kwamba nimepiga simu nikashindwa kusema, kunja karatasi hizi uzifungie kabatini, usilitamke tena. Lakini Jumamosi hii litamke, Tata, kwa sauti yako ile ya kanisani, na uwaambie nao walitamke.

Mwanao akupendaye,
Veneranda