Ukili wa Mwanajuma

Shangazi yangu,

Nakuamkia huko uliko, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Nimekusomea Yasini alfajiri, lakini kusema kweli nusu yake mawazo yalikuwa kwingine. Nina hofu, Shangazi. Utaona herufi zimekwenda upande.

Tangu ulipotutoka, ninaitwa mimi kusimulia hadithi. Hata wiki ijayo, siku ya kupandisha bendera yetu mpya ya uhuru hapa Msambweni, nimeitwa. Wanasema nimerithi ulimi wako. Hawajui kuwa ulichonifunza ni kusikiliza. Ulikuwa ukinichukua kwa wajane walio edani, tukae tusuke ukili wa mikeka pamoja nao. Mwenye msiba anasema, wewe wanyamaza, miyaa inapita vidoleni. Nikidakia kutoa shauri, wewe wanifinya paja. Siku moja njiani ukaniambia, "Mishi, masikio yako yana haraka kama mbuzi aliyeona mhogo. Yule hakutaka shauri. Alitaka mtu wa kukaa naye."

Hadithi zako zote zilitoka mle. Lakini kabla ya kuzipeleka kwa watu, ulirudi kwa mwenye msiba, ukamsimulia yeye kwanza, macho yako kwenye mikono yake. Akiendelea kusuka, amekuruhusu. Mkono ukisimama, hadithi hiyo unaiacha.

Hilo ndilo ambalo sikulifanya.

Jirani yetu Mwanajuma kafiwa na mumewe. Nilikaa naye edani siku nyingi, mpaka akanitolea lililomkaa kifuani: mumewe alimwomba radhi akiwa kitandani, naye kwa hasira za zamani akageukia ukutani. Asubuhi mume hakuamka. Tulilia sote wawili. Nilipofika nyumbani hadithi ilikuwa imekuja yenyewe, ya njiwa aliyeitwa na mwenziwe akakataa kuitika. Nikaisimulia harusini kule Jego. Nikajisemea, ni mbali, na Mwanajuma hatoki, atasikia wapi. Nikasahau kwamba aliye edani ndiye anayepelekewa habari za mji mzima.

Watu walilia, Shangazi. Nami, astaghfirullah, nikafurahi.

Leo baada ya Adhuhuri kaja binti yake. Hata kuketi hakuketi. "Mama asema uje. Uje na ukili wako."

Basi. Akaondoka. Tangu hapo nafunga miyaa, naifungua, naifunga tena. Kama ni hasira, ukili wa nini? Kama si hasira, mbona mtoto hakunipa mkono?

Nitakwenda baada ya Alasiri. Nitamsimulia yote, tangu mwanzo, nikiitazama mikono yake. Mkono ukisimama, nakuahidi, njiwa huyo sitamtaja tena, hata siku ya bendera wakinililia. Na asiponitaka ndani, nitakaa barazani kwake nisuke kimya mpaka anitake.

Adhana hiyo inaanza. Lala kwa amani, Shangazi. Leo masikio yangu hayatakuwa na haraka.

Mwanao,
Mishi